Methili-zebaki imepotea wapi? Kutatua matatizo ya kupima uvunjikaji wake katika mashapo ya vinamasi

Anayepima kutengenezwa kwa methili-zebaki, yaani zebaki iliyoungana na methili, ana raha moja: anaanza na sifuri, kisha anangoja kitu kitokee. Anayepima kuvunjika kwake hana raha hiyo. Anaanza na kiasi, anamaliza na kiasi pungufu, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo matokeo yake. Ubaya ni kwamba methili-zebaki ina njia nyingi za kupungua zisizohusiana na bakteria hata kidogo. Hunata kwenye kuta za chupa, huvuja na maji ya nguzo ya tope iliyochukuliwa kinamasini, hugoma kutoka kwenye tope wakati wa uchopoaji, au haionekani kwa sababu kemikali ya kuigundua iliharibika usiku umeme ulipokatika. Kwenye karatasi ya mahesabu, hasara zote hizo zina sura ya uvunjikaji.

Maelezo haya yanahusu vinamasi vya mafunjo vya Uganda, hasa vile vinavyopokea maji kutoka machimbo madogo ya dhahabu: Busia na Namayingo upande wa Ziwa Victoria, Mubende na Kassanda katikati, na Buhweju magharibi. Wachimbaji wengi huko hutumia zebaki kukamata dhahabu. Sehemu ya zebaki hiyo hufika bondeni, bakteria wasiohitaji oksijeni huigeuza kuwa methili-zebaki, na wengine huivunja tena. Samaki hupata kile kinachobaki kati ya kazi hizo mbili.

Utaratibu unaozungumziwa ni huu. Nguzo za mashapo zimechukuliwa kwa mirija ya plastiki ngumu yenye kipenyo cha ndani cha sm 4.5, na kila sm 1 kuna tundu la kudungia lililozibwa kwa silikoni. Unadunga methili-zebaki ya isotopu 199 (au 198), yaani ya atomi za zebaki zenye uzito huo, kama kifuatilizi, na kwa hiari zebaki isokaboni (isiyoungana na kaboni) ya isotopu 200 papo hapo. Kundi la kwanza linagandishwa mara moja. Hilo ni saa sifuri. Mengine yanagandishwa baada ya saa 2, 6, 12 na 24. Kisha uchopoaji (kuitoa methili-zebaki kwenye tope), kuethilisha (kuitia ethili ili iweze kuwa mvuke), GC (mashine ya kutenganisha mivuke), na ICP-MS (mashine inayopima kila isotopu peke yake). Kasi ya uvunjikaji ni kd = ln(C₀/Cₜ) ÷ t, ambapo C₀ ni kiasi cha saa sifuri, Cₜ ni kiasi kilichobaki baada ya muda t, na ln ni logi asilia; t ikiwa katika siku, kd ni kwa siku.

Saa sifuri ina kifuatilizi kidogo kuliko ulichodunga

Hapa ndipo pa kuanzia hata kama hujaona tatizo lolote. Ikiwa ulidunga nanogramu 2.0 kwenye kipande na saa sifuri inakupa 1.3, kuna 0.7 isiyo na maelezo, na huna haki ya kusema chochote kuhusu saa 24 mpaka uipate.

Pima kwanza jumla ya isotopu 199 ya kifuatilizi kwenye kipande hichohicho (ukishatoa ile ya asilia), yaani yote bila kujali kama ina methili. Kipimo hiki kimoja humaliza nusu ya mabishano. Jumla ikiwa 2.0 na methili-zebaki 1.3, kifuatilizi kimo ndani ya tope lakini kimegeuka au kimegoma kutoka. Jumla nayo ikiwa 1.3, kifuatilizi hakikuingia kabisa, au kimevuja.

Kama hakikuingia, angalia sindano. Sindano ya mikrolita 100 ikitolewa haraka huacha tone kwenye silikoni, na tone hilo hubaki nje. Dunga mikrolita 50 mara mbili kwa pande mbili tofauti, ukivuta sindano taratibu huku ukisukuma, ili kifuatilizi kibaki kama uzi ndani ya tope badala ya dimbwi mahali pamoja. Ngoja sekunde kumi kabla ya kuitoa. Kama maji yanachuruzika chini ya nguzo, kizibo cha mpira hakikukaa; nguzo hiyo itupe, usijaribu kuisahihisha kwa hesabu.

Kama kiliingia lakini hakionekani kama methili-zebaki, mshukiwa wa kwanza ni chupa yenyewe ya kifuatilizi. Methili-zebaki iliyoyeyushwa huvunjwa na mwanga, na ikikaa kwenye chupa ya plastiki laini hunata ukutani. Ihifadhi kwenye Tefloni au glasi iliyooshwa kwa asidi, gizani, kwenye nyuzi 4, ndani ya asidi ya asetiki 0.5% na asidi ya hidrokloriki 0.2%. Wiki ileile ya kazi, pima tena ukali wake kwa kuichanganya na kiwango cha methili-zebaki ya kawaida ambacho ukali wake unajulikana. Pima pia ni asilimia ngapi ya zebaki yake ni isokaboni. Kifuatilizi chenye isokaboni 3% kinavumilika. Chenye 20% kimezeeka, na lebo ya mtengenezaji haitakuokoa.

Mshukiwa wa pili ni ugandishaji, ambao wengi huupuuza. Nguzo nzima ya sm 4.5 ikiwekwa ndani ya friza ya kawaida huchukua saa kadhaa kuganda mpaka katikati. Wakati wote huo moyo wa nguzo uko karibu na joto la kinamasi, nyuzi 22 hadi 26, na bakteria wanaendelea na kazi. Saa sifuri yako kumbe ni saa ya tatu. Kwa kipindi cha saa 24 ni kosa dogo. Kwa kipindi cha saa 2 matokeo yote ni upuuzi. Dawa ni kukata nguzo vipande vya sm 1 au 2 mara moja, kutia kila kipande ndani ya mfuko, kuubamiza uwe mwembamba kama chapati, na kuuzamisha kwenye mchanganyiko wa barafu iliyopondwa sehemu tatu na chumvi sehemu moja kwa uzito. Mchanganyiko huo hushuka mpaka karibu na nyuzi −20, na tope jembamba huganda kwa dakika chache. Barafu ya vipande hupatikana mialoni kwa wanaosafirisha samaki. Nitrojeni ya maji ni bora zaidi, na wanaohifadhi mbegu za ng'ombe huwa nayo.

Mshukiwa wa tatu ni uchopoaji usiokamilika, ambao una sehemu yake chini.

Kama vyote hivyo ni vizuri na bado methili-zebaki ya saa sifuri ni pungufu kwa asilimia 10 au 15, huenda ni kweli: uvunjikaji wa dakika za kwanza ni wa kasi. Tumia saa sifuri uliyoipima kama C₀. Usitumie kamwe kiasi ulichokusudia kudunga.

Sampuli zilizouawa nazo zinapoteza

Sampuli zilizouawa zipo ili zionyeshe hasara isiyo ya uhai. Zikipoteza sawasawa na zilizo hai, soma jumla ya isotopu tena. Jumla ikishuka ni ukuta wa chombo au uvujaji. Jaribu kwa maji safi na kifuatilizi ndani ya mrija ule ule kwa saa 24: kinachokosekana kwenye maji mwishoni ndicho ukuta unachokula.

Jumla isiposhuka kuna mambo mawili. La kwanza, hazikufa. Kupika mara moja kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo) hakuui mbegu sugu za bakteria zilizo ndani ya tope zito. Pika nyuzi 121 kwa saa moja, siku tatu mfululizo, ukiacha tope kwenye joto la chumba usiku ili mbegu ziamke zipikwe kesho. Ukiwa umedunga isotopu 200 isokaboni, angalia kama methili-zebaki ya isotopu 200 inaongezeka kwa saa 24 kwenye tope lililopikwa. Ikiongezeka, kuna walio hai.

La pili ni kemia. Salfaidi ikiwa nyingi hushika methili-zebaki, molekuli mbili huungana kwenye salfa moja, kisha huachana kuwa dimethili-zebaki na salfaidi ya zebaki bila bakteria kuhusika. Kupika tope huachilia salfaidi na vikundi vya salfa vilivyokuwa vimefungwa kwenye mboji, kwa hiyo tope lililopikwa si tope lile lile likiwa limelala. Kwa sababu hiyo usitoe kd ya sampuli iliyouawa kutoka kd ya iliyo hai kana kwamba ni bei na punguzo. Itumie kama kengele. Ikiwa ni chini ya moja ya kumi ya kd ya hai, endelea. Ikizidi hapo, ripoti zote mbili kando kwa kando.

Kama swali lako ni nani anayevunja, uuaji mzima si chombo chake. Tia sodiamu molibdeti milimola 20 kunyamazisha bakteria wa salfeti, na BES, asidi ya bromoethani-salfoni, kunyamazisha watengeneza methani. Maji ya vinamasi vingi vya ndani huwa na salfeti kidogo, kwa hiyo usishangae molibdeti isipoleta badiliko kubwa.

Hakuna kinachopungua, au kd inatoka hasi

Mara nyingi hii ni hesabu ya uhakika tu. Ikiwa kila kipimo kina kosa la 5%, basi ln(C₀/Cₜ) ina kosa la karibu 0.07. Kwa saa 24, jozi moja ya vipimo haiwezi kutofautisha kd ya 0.05 na sifuri, na baadhi ya kd zako ndogo zitatoka hasi bila mtu kukosea. Lenga upungufu wa angalau 18%, ambao hufanya ln(C₀/Cₜ) iwe 0.2. Kama tope ni la polepole, ongeza rudufu (sampuli pacha zinazopimwa kwa namna moja) kufika tano kabla ya kurefusha muda.

Kuna sababu nyingine ya kuingia matatani hapa: kifuatilizi kilichomezwa na zebaki asilia. Isotopu 199 ni 16.87% ya zebaki yoyote ya duniani. Kinamasi chenye methili-zebaki asilia nanogramu 10 kwa gramu kavu kina 1.7 ya isotopu 199 hata kabla hujadunga. Ukidunga 0.8 juu yake, unapima kilima juu ya mlima. Isotopu 198, yenye 9.97%, ina mgongo mfupi kidogo. Bora ni kudunga kiasi kinachokaribia methili-zebaki asilia iliyopo. Hesabu ya kipande kimoja: mrija wa sm 4.5 kwa unene wa sm 1 ni sentimita za ujazo 16. Tope la mafunjo lenye gramu kavu 0.15 kwa sentimita ya ujazo linatoa gramu 2.4, likiwa na nanogramu 1 kwa gramu, methili-zebaki asilia ni 2.4. Dunga nanogramu 2 kwa mikrolita 100, yaani kifuatilizi cha nanogramu 20 kwa mililita. Kwa hiyo lazima methili-zebaki asilia ipimwe kwanza, safari moja kabla ya safari ya kifuatilizi. Wanaounganisha safari mbili ili kuokoa mafuta ya gari hulipia maabara.

Sababu ya tatu ni joto. Nguzo zilizosafirishwa juu ya barafu kutoka Busia hadi Kampala, kisha zikadungwa mara moja, bado ni baridi katikati. Zipe usiku mzima kwenye ndoo ya maji yenye joto la kinamasi kabla ya kudunga. Zisafirishwe zikiwa wima. Boda boda na nguzo ya tope laini havipatani.

Kinashuka haraka, kisha kinatulia

Dalili hii ndiyo yenye mafunzo mengi. Chukua nguzo moja: saa sifuri nanogramu 0.82 kwa gramu, saa 6 ni 0.64, saa 24 ni 0.55. Ukitumia saa 6, kd ni 0.99 kwa siku. Ukitumia saa 24, kd ni 0.40. Nguzo ile ile, tope lile lile, majibu mawili yanayotofautiana zaidi ya mara mbili, na wala mashine haijakosea.

Kifuatilizi kinapoingia kiko huru kwenye maji ya tope. Ndani ya saa chache kinashikwa na vikundi vya salfa vya mboji na salfaidi ya chuma, na bakteria hawakifikii kirahisi tena. Wakati huohuo isotopu 199 iliyokwisha kuvunjwa imekuwa zebaki isokaboni, na sehemu yake hurudishiwa methili. Mteremko wa mwanzo ni wa zebaki mgeni. Mtulio wa baadaye ni zebaki mwenyeji pamoja na urejeshaji.

Hatua za kupunguza tofauti hiyo:

Chuja maji ya tope kutoka kinamasi kilekile, ndani ya mfuko wenye nitrojeni, na uchanganye kifuatilizi nayo kwa saa moja kabla ya kudunga. Hivyo kinaingia kikiwa tayari kimeshikana na mboji ya mahali.

Usipime pointi mbili. Nne ndizo za chini kabisa, na mbili kati yake ziwe ndani ya saa 6.

Kama ln(C₀/Cₜ) dhidi ya muda si mstari ulionyooka, usilazimishe mstari. Toa kd ya mwanzo kutoka sehemu iliyonyooka, na uitaje kwa muda wake: "kd ya saa 0–6". Jedwali lenye kd ya saa 6 kutoka tovuti moja na ya saa 24 kutoka nyingine linalinganisha saa, halilinganishi vinamasi.

Kabla ya yote hayo hakikisha mtulio si wa oksijeni. Tope la kinamasi cha mafunjo ni jeusi kwa salfaidi ya chuma. Likipigwa na hewa hugeuka kahawia, na pamoja na rangi hubadilika kinachoishika zebaki na bakteria walio kazini. Kipande chenye ukingo wa kahawia kina historia mbili ndani yake.

Rudufu hazipatani

Kwanza uliza kama ulichukua mashapo kweli. Mafunjo mengi huelea: mkeka wa mizizi juu, maji katikati, tope laini chini. Mrija unaosukumwa kupitia mkeka huziba kwa mizizi, halafu unaleta nusu mkeka nusu tope, na kila nguzo ina mgawo wake. Mizizi hupitisha oksijeni chini, kwa hiyo uvunjikaji pembeni mwa mzizi na mahali pasipo mzizi si jambo moja. Kata mkeka kwa panga kwanza, toa kipande, kisha teremsha mrija kwenye tope lenyewe. Andika kina cha maji kati ya mkeka na tope.

Karibu na machimbo kuna tatizo jingine: matone ya zebaki yenyewe. Tone moja lisiloonekana kwa macho kwenye gramu moja ya tope hufanya jumla ya zebaki iruke mara kumi kuliko jirani yake. Methili-zebaki haitaruka hivyo, lakini sampuli hiyo itakuletea taabu kwenye uchopoaji, kama ilivyoelezwa mbele. Usipakie nguzo kwenye gari lililobeba zebaki, wala usiweke mifuko ya polithini yenye sampuli karibu na duka la dhahabu. Mvuke wa zebaki hupenya polithini.

Rudufu zikitofautiana kwenye methili-zebaki ya isotopu 199 lakini zikalingana ukigawanya kwa jumla ya isotopu 199, kosa ni la sindano. Tumia uwiano huo, si kiasi chenyewe, kukokotoa kd. Ni sahihisho halali, mradi zebaki isiyo na methili haijatoroka kama mvuke.

Viwango vinatoa kilele kizuri, sampuli hazitoi

Angalia mashine mwisho. Kwanza kemia ya uchopoaji na kuethilisha.

Uchopoaji: kwa gramu 1 ya tope bichi ndani ya mrija wa Tefloni, mililita 5 za potasiamu bromidi 18% katika asidi ya salfuriki 5%, mililita 1 ya salfeti ya shaba mola 1, subiri saa moja, ongeza mililita 10 za dikloromethani, tikisa saa moja, zungusha kwenye mashine ya kutenganisha. Tope la mafunjo ni maji 85–95%, kwa hiyo gramu 1 bichi ni kama gramu 0.1 kavu. Ukihitaji gramu 2 bichi, ongeza kemikali mara mbili pia. Ukiongeza tope tu, asidi na bromidi huzimuliwa na methili-zebaki hubaki kwenye mboji. Shaba ipo ili ishindane na methili-zebaki mbele ya salfa. Tope linalonuka yai bovu linaihitaji kwa ukamilifu, na kuiruka "kwa kuwa imeisha" ndiyo sababu ya kawaida ya kuchopoa nusu tu.

Dikloromethani iko chini kwa kuwa ni nzito kuliko maji. Hamisha mililita 2 zake kwenye maji safi mililita 40, pulizia nitrojeni kwenye nyuzi 45–50 mpaka iishe yote. Ikibaki kidogo, utaona kibiongo kikubwa mwanzoni mwa kromatogramu (mchoro unaotolewa na mashine) na kilele cha methili-zebaki kimezama. Pulizia dakika kumi zaidi, rudia.

Kuethilisha hutaka pH 4.9. Mikrolita 300 za bafa (kinachoshikilia pH) ya aseteti mola 2, kisha mikrolita 40 za sodiamu tetraethiliborati 1%, subiri dakika 17, pulizia nitrojeni mililita 200 kwa dakika kwenye mtego wa Tenaxi (chembe zinazonasa mvuke) kwa dakika 17, kausha mtego dakika 7. Baada ya kumaliza, chovya karatasi ya pH kwenye mabaki ya sampuli. Ikionyesha 3, asidi ya uchopoaji ilivuka na bafa ikashindwa.

Tetraethiliborati yenyewe ndiyo kemikali dhaifu kuliko zote hapa. Hutengenezwa kwa gramu 1 kwenye mililita 100 za potasiamu hidroksidi 2% iliyopozwa mpaka karibu na sifuri, ikagawanywa kwenye vichupa vya mililita 5 na kugandishwa. Unga wake huwaka wenyewe ukikutana na hewa na mvuke wake ni sumu, kwa hiyo hufunguliwa ndani ya mfuko wa nitrojeni, chini ya kabati la kunyonya hewa. Kichupa kiyeyushwe mpaka kipande cha barafu kielee bado, kitumike hapohapo. Kikiwa cha manjano, kitupwe.

Na hapa ndipo umeme wa kwetu unapoingia. Friza iliyozimika saa nane usiku na kuganda tena alfajiri huonekana salama ukiifungua asubuhi, lakini vichupa vimeyeyuka na kuganda upya. Weka sarafu juu ya barafu ndani ya kikombe kidogo cha maji yaliyogandishwa na ukiweke karibu na vichupa. Ukiikuta sarafu chini, vichupa vyote ni vya kutupa. Dalili kwenye mashine: kilele cha methili-zebaki kinapungua kiwango hadi kiwango ndani ya siku moja. Kama viwango havishuki na ni sampuli tu zinazoshuka, rudi kwenye asidi, salfaidi na dikloromethani.

Kwa kila kundi weka sampuli rejea ya mashapo, yaani ile ambayo kiasi chake kinajulikana. Mojawapo, ERM-CC580, ina methili-zebaki mikrogramu 75 kwa kilo na zebaki jumla miligramu 132 kwa kilo, kwa hiyo inajaribu uchopoaji na kizalia (methili-zebaki ya uongo inayotengenezwa na upimaji wenyewe) kwa pamoja. Ukipata 110, soma sehemu inayofuata.

Methili-zebaki asilia ni nyingi kupita kiasi

Wengine huchopoa kwa kukeneka kwa mvuke kwenye asidi badala ya dikloromethani, na kukeneka huko hugeuza sehemu ndogo ya zebaki isokaboni kuwa methili-zebaki pale pale ndani ya chombo. Kwa samaki haidhuru, kwa sababu zebaki yao karibu yote ni methili. Kwa mashapo ya machimbo inadhuru sana. Tope lenye nanogramu 5,000 za zebaki isokaboni kwa gramu, likigeuzwa 0.01% tu, linazaa nanogramu 0.5 za uongo kwa gramu, na methili-zebaki ya kweli huenda ni 1.

Isotopu 200 isokaboni inakupa jibu bila gharama ya ziada. Saa sifuri haina muda wa kutengeneza chochote, kwa hiyo methili-zebaki yoyote ya isotopu 200 ndani yake ni kizalia. Ulidunga nanogramu 100, ukapata 0.02: kizalia ni 0.02%. Kwa sampuli za namna hiyo acha kukeneka, tumia dikloromethani.

Maabara haina ICP-MS

Kwa mashine ya mwangaza wa mvuke baridi peke yake, inayopima zebaki kwa mwangaza wa mvuke wake, huwezi kutenganisha isotopu, ila unaweza kudunga methili-zebaki ya kawaida kwa wingi, mara kumi ya ile asilia, na kufuata jinsi inavyopungua. Tumia tope lililokorogwa ndani ya chupa badala ya nguzo, chini ya nitrojeni. Unachopata ni kasi kwenye wingi usio wa kawaida, pengine bakteria wameshiba au wameamshwa. Linganisha tovuti na tovuti kwa njia hiyo. Usiipeleke kwenye hesabu ya kinamasi kizima.

kd ni kubwa, lakini kinamasi bado kimejaa methili-zebaki

Hesabu haifungi na wengi hudhani wamekosea mahali. Kwa kd ya 0.40 na nanogramu 1 kwa gramu, kinamasi kinavunja 0.40 kwa siku. Kiasi asilia kisipobadilika, lazima kinatengeneza 0.40 pia, kwa zebaki isokaboni 100 kwa gramu, hiyo ni kasi ya kutengeneza ya 0.004 kwa siku. Kama kipimo chako cha isotopu 200 kilitoa 0.0005, pengo ni mara nane.

Pengo hilo ni la ugeni wa vifuatilizi vyote viwili, na havikuwa wageni kwa kadiri moja. Zebaki asilia imekaa miaka kwenye tope, yako ina saa. Kwa hiyo kichwa cha safu kiandikwe "kd ya uwezekano", na kando yake muda wa kuatamiza, joto la ndoo, na nanogramu zilizodungwa kwa gramu kavu. Bila hivyo vitatu, anayepima upande wa pili wa ziwa, Kisumu au Mwanza, hana cha kulinganisha.